Kasi Tuliyoipoteza Bila Kuulizwa: Historia Fupi ya Kioo cha Runinga

Mwaka jana nilinunua runinga ya inchi 55 katika duka moja la Kariakoo. Mtoto wa marehemu kaka yangu, kijana wa kidato cha tatu ninayeishi naye, alikuwa amefanya vizuri katika mitihani yake, nami nilikuwa nimemwahidi kwamba mashine yake ya gemu haitaendelea kufungwa kwenye runinga yetu ya zamani, ile yenye chogo, iliyokuwa imehamishiwa chumba cha nyuma. Muuzaji alinieleza ukubwa, wembamba na idadi ya pikseli. Nikalipa, nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika.

Wiki moja baadaye kijana alinijia akiwa ameinamisha kichwa. "Shikamoo baba mdogo. Naomba usinione sina shukrani, lakini runinga mpya inachelewa. Nikibonyeza, mchezaji anapiga mpira baadaye." Nilimjibu kwa ukali ambao leo naujutia. Nilimwambia kwamba anatafuta kisingizio cha kufungwa, na kwamba kitu kipya cha bei kubwa hakiwezi kuzidiwa na sanduku lililonunuliwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Hakubishana nami. Alirudi chumba cha nyuma, akaiwasha ile ya chogo, akaendelea kucheza.

Ukimya wake ulinisumbua. Mimi hufundisha wanafunzi wangu kwamba dai hupimwa kwanza ndipo likataliwe. Jumamosi iliyofuata tukaziweka runinga zote mbili sebuleni. Tulitumia simu yenye uwezo wa kurekodi picha 240 kwa sekunde, tukapiga video ya kidole chake kikibonyeza na ya mchezaji akipiga mpira, kwanza kwenye runinga moja kisha kwenye nyingine, kwa mashine ile ile ya gemu. Tukahesabu picha moja baada ya nyingine. Runinga mpya ilikuwa nyuma ya ile ya zamani kwa takriban picha 24, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kijana alikuwa amesema kweli.

Kwa anayetazama taarifa ya habari, sehemu moja ya kumi ya sekunde si kitu. Kwa anayecheza, ndiyo tofauti kati ya bao na mpira uliopita. Hata hivyo, lililonikaa moyoni lilikuwa swali la kihistoria: ilikuwaje chombo kipya kikawa kizito kuliko cha zamani katika jambo la msingi kama hili, na kwa nini hapakuwa na mtu wa kutuambia?

Turudi nyuma kidogo. Runinga ya chogo inatokana na bomba la kioo alilolitengeneza mwanafizikia Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897. Ndani ya bomba hilo mwale wa elektroni hurushwa kutoka nyuma, hupindishwa na nguvu ya sumaku, kisha hugonga unga unaong'aa uliopakwa nyuma ya kioo. Mwaka 1927, mjini San Francisco, Philo Farnsworth alionyesha runinga ya kielektroniki iliyoondoa magurudumu yaliyotumiwa na watangulizi wake kama John Logie Baird wa Uingereza. Tangu hapo mfumo ukawa rahisi kueleweka: ishara inapofika, mwale unachora mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini, papo hapo. Chombo hakina pa kuihifadhi picha ili kuitafakari. Kinachoingia ndicho kinachoonekana.

Gemu zilizaliwa juu ya kioo hicho. Mwaka 1958, katika maabara ya Brookhaven nchini Marekani, mwanafizikia William Higinbotham aliunda mchezo wa tenisi kwenye kioo cha osiloskopu ili kuwachangamsha wageni waliotembelea maabara. Mwaka 1972 ikauzwa Magnavox Odyssey, mashine ya kwanza ya gemu ya nyumbani, iliyotokana na kazi ya Ralph Baer. Katikati ya miaka ya 1980 Nintendo wakauza bastola ya kuchezea ya kulengea bata. Bastola hiyo haikurusha kitu chochote. Ilikuwa na jicho la kupokea mwanga. Ulipofyatua, kioo kiligeuka cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mahali pa bata pakang'aa, na bastola ikasoma mwanga huo kwa wakati wake kamili. Wengi wetu tulizijua bastola hizo kupitia mashine za kuiga zilizojaa madukani. Leo ukiifunga bastola hiyo kwenye runinga bapa, haifanyi kazi. Picha inafika ikiwa imechelewa, na jicho la bastola linakuta giza.

Hapa kwetu historia ina mkondo wake. Kenya ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1962, na Uganda ikafuata mwaka 1963. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo hutajwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo kusini mwa Sahara. Mimi mwenyewe niliona runinga kwa mara ya kwanza nyumbani kwa shangazi yangu Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, nilipovuka kutoka Dar es Salaam kwenda likizo. Tanzania Bara ilikuwa bado haina kituo hata kimoja. Serikali ya awamu ya kwanza iliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi maskini, ikaweka nguvu zake katika redio. Vituo binafsi vilianza Bara mwaka 1994.

Uamuzi huo umelaumiwa sana, na sina nia ya kuutetea wote. Wananchi hawakuulizwa, na waliochelewa walikuwa wao. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo wakosoaji hulisahau: swali la "tunapata nini na tunapoteza nini?" lilitajwa hadharani, na jibu, liwe sahihi au la, lilitolewa na mtu aliyejulikana. Mabadiliko ya baadaye hayakuja hivyo.

Chukua mfano wa mapigo ya picha. Nchi zetu zilirithi umeme wa mapigo 50 kwa sekunde kutoka kwa Waingereza, na pamoja nao mfumo wa rangi wa PAL uliobuniwa Ujerumani miaka ya 1960, wenye mistari 625 na mapigo hayo hayo 50. Marekani na Japani walitumia mfumo wa mapigo 60. Gemu nyingi ziliundwa Japani kwa mapigo 60. Zilipohamishiwa kwenye PAL bila kurekebishwa, zilikwenda polepole kwa sehemu moja ya sita, na muziki wake ukawa mzito. Mtoto aliyecheza toleo kama hilo mtaani Temeke au Mombasa hakujua kwamba kasi ya mchezo wake iliamuliwa na mitambo ya umeme ya Ulaya kabla babu yake hajaoa.

Kisha likaja badiliko kubwa zaidi. Fuwele za kimiminika ziligunduliwa mwaka 1888 na mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer. Mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani ilitangaza vioo vya kwanza vya aina hiyo, vilivyotokana na kazi ya George Heilmeier na wenzake, lakini haikuviendeleza. Sharp ya Japani ndiyo iliyovitia kwenye kikokotoo cha mfukoni mwaka 1973. Sambamba na hilo, mwaka 1964 Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa kimevumbua kioo cha plazima kwa ajili ya mradi wa kufundishia kwa kompyuta ulioitwa PLATO. Wanafunzi wa mradi huo, kama wanafunzi wa kila zama, waligeuza chombo cha masomo kuwa uwanja wa gemu.

Kwa miaka kadhaa ya karne hii plazima na LCD zilishindana. Plazima ilikuwa na weusi mzito zaidi na mwendo safi zaidi, kwa kuwa kila nukta yake ilitoa mwanga wake yenyewe. LCD ilihitaji taa nyuma, na fuwele zake zilichukua muda kugeuka, hivyo kitu kinachokwenda kasi kiliacha ukungu. Hata hivyo LCD ndiyo iliyoshinda: ilikuwa nyepesi, iling'aa vizuri chini ya taa za dukani, na viwanda vilivyotengeneza vioo vya kompyuta viliweza kuizalisha kwa wingi. Kufikia mwisho wa mwaka 2007 mauzo ya LCD duniani yalikuwa yameizidi runinga ya chogo. Mwaka 2013 Panasonic ilitangaza kuacha kutengeneza plazima.

Tuseme haki: tulichopata ni kikubwa. Runinga ya chogo ilikuwa mzigo wa watu wawili, ilikula umeme, na kioo chake kilikuwa na madini ya risasi ambayo leo ni sumu katika madampo yetu. Simwombi mtu airudie. Lakini kioo bapa kina pikseli zisizobadilika idadi, kwa hiyo kila picha isiyolingana nazo lazima inyooshwe. Na watengenezaji wakaongeza kompyuta ya kusafisha rangi, kulainisha mwendo na kuondoa chenga. Kazi zote hizo zinachukua muda. Picha inakaa foleni ndani ya runinga kabla ya kuonekana. Boksi liliandika inchi na pikseli. Foleni hiyo halikuitaja.

Teknolojia ya OLED, iliyotokana na kazi ya Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak mwaka 1987, imerudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Kila pikseli hujiwasha na kujizima yenyewe, weusi wake ni weusi kweli, na hubadilika haraka mno. Kodak haikufaidi, iliuza biashara hiyo kwa LG mwaka 2009 na kuomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2012. Udhaifu wa OLED ni kwamba picha isiyobadilika kwa muda mrefu, kama ubao wa magoli, inaweza kuacha alama ya kudumu. LCD nayo imeendelea: zile zenye maelfu ya taa ndogo ndogo nyuma yake huzima sehemu zenye giza na kung'aa sana mchana, ingawa bado huacha utando wa mwanga kuzunguka kitu cheupe.

Kwa hiyo anayechagua runinga ya gemu leo aulize nini? Kwanza, ucheleweshaji kutoka kubonyeza hadi kuonekana: chini ya milisekunde 20 panatosha kwa walio wengi. Pili, mapigo halisi ya kioo, kwa sababu namba za "mwendo" zilizoandikwa kwa maandishi makubwa mara nyingi ni mara mbili au zaidi ya ukweli. Kioo cha mapigo 60 huonyesha picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7, cha mapigo 120, kila baada ya milisekunde 8.3. Tatu, kwa mashine zilizotoka kuanzia Novemba 2020, kama PlayStation 5, tundu la HDMI 2.1 ndilo linalopitisha picha za 4K kwa mapigo 120 bila kuzipunguza. Nne, mwanga wa chumba: sebule yenye madirisha makubwa inafaa zaidi LCD ya taa ndogo ndogo, chumba chenye giza kinafaa OLED. Na kabla ya kununua chochote, fungua orodha ya mipangilio utafute hali ya gemu. Hali hiyo huamuru runinga iache kusafisha picha na kuionyesha mara moja.

Ndivyo tulivyofanya nyumbani. Hali ya gemu ilikuwepo siku zote, imefichwa katika ukurasa wa tatu wa mipangilio. Tulipoiwasha, na kuibadilisha ile waya ya rangi tatu kwa waya ya HDMI, tukarudia kipimo. Tofauti ya picha 24 ilibaki picha sita.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza jambo hili la gemu linahusu nini safu inayojadili siasa na jamii. Linahusu namna tunavyoyapokea mabadiliko. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, kaya isiyo na king'amuzi ilipoteza matangazo, na mjadala mwingi ulikuja baada ya tendo. Mifumo ya kielektroniki inaletwa katika ofisi na hospitali zetu kila mwaka. Mwananchi akisema "inachelewa," huambiwa hajazoea. Mtumishi wa umma anayeandaa zabuni ya vioo vya shule huandika inchi, kwa kuwa inchi ndizo zilizoandikwa kwenye boksi. Hatuna budi kudai kwamba chombo kipya kitaje pia kinachopotea, na kwamba malalamiko ya mtumiaji yapimwe kabla ya kupuuzwa.

Nilimwomba kijana radhi siku ile ile, mbele ya watu wa nyumbani. Alicheka, akanipa kidhibiti cha pili. Nilifungwa mabao saba, na safari hii sikuwa na runinga ya kusingizia.