Zako: adui dagaa wa manga

Katika manga za mapigano, Wajapani humwita zako yule adui asiye na uzito: anatokea, anawatisha wanyonge, na steringi anamlaza kabla hujafunua ukurasa. Neno hili huandikwa kwa alama mbili, moja ya mchanganyiko na nyingine ya samaki. Asili yake ni visamaki vya kila aina vinavyonaswa pamoja na visivyo na bei sokoni.

Napendekeza tumwite adui dagaa. "Mhusika mdogo" wa vitabu vya fasihi hatoshi, kwa sababu huyo aweza kuwa hata jirani mwema. Zako sharti awe mshari, na sharti apigwe. Dagaa tunaye tayari: kila siku watu hulalamika kwamba dagaa wanakamatwa huku mapapa wakitamba. Tofauti ni kwamba dagaa wa malalamiko hayo huonewa huruma, wa manga haonewi kamwe.

Mpaka wa istilahi hii unaonekana vizuri kwa Heart wa Hokuto no Ken, hadithi ya Buronson iliyochorwa na Tetsuo Hara, iliyoanza mwaka 1983 katika jarida la Shonen Jump. Toei waliifanya katuni ya televisheni mwaka 1984. Shin, adui mkubwa wa mwanzo, ana makamanda wanne wenye majina ya karata: shupaza, uru, pau na kopa. Heart ndiye kopa. Ni pande la mtu, mnene kupindukia, na kila pigo humezwa na mafuta ya mwili wake. Huwa mpole wa kauli mpaka aione damu yake mwenyewe. Hapo hupagawa na kuua ovyo. Kenshiro, steringi wa hadithi, anamshindilia mateke mfululizo tumboni, mafuta yanasogea kando, ndipo anapoufikia mshipa wa siri. Heart analipuka akilia "Hidebu!"

Huyu nisingemwita dagaa. Ana jina, ana cheo, na kumshinda kulihitaji ufundi, ingawa hadithi ilimpa pambano moja tu. Wajapani wana chubosu, bosi wa katikati. Kwetu "adui wa kati" linatosha.

Na kile kilio mfasiri asikiguse. Ni mojawapo ya vilio vya kufa vinavyojulikana zaidi katika manga yote, na silabi zake, hi-de-bu, mtoto yeyote wa Kiswahili atazisoma bila kusaidiwa.