Madai ya Hifadhi katika Utalii

Madai ya hifadhi ni matamko ambayo wenye mahoteli, kampuni za safari na mashirika ya ndege huwatangazia wateja wao, ya kwamba starehe wanayoiuza haiwadhuru viumbe wala makazi yao, au hata huwanusuru. Mnamo 1986 Jay Westerveld, mwanamazingira wa Marekani, aliyakosoa mahoteli yaliyowasihi wageni watumie taulo zaidi ya mara moja kwa ajili ya mazingira, ilhali faida iliyo dhahiri ilikuwa kupungua kwa gharama za dobi.

Dhara la dai la uongo si kumghilibu mgeni peke yake. Nyuma ya tangazo zuri maji machafu yaweza kuendelea kutiririka baharini, yakarutubisha mwani hata ukayafunika matumbawe. Na taa za ufukweni zikawapoteza watoto wa kasa, ambao tabia yao, wakiisha kuanguliwa, ni kuufuata mwanga. Tena dai hilo humnyang'anya wateja yule aliyegharimika kwa kweli.

Miongoni mwa waliogharimika ni wenye kuhifadhi kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Zanzibar, ambacho mwamba wake wa magharibi Serikali ilitangaza kuwa hifadhi mwaka 1994, uvuvi ukaharimishwa, na usimamizi ukakabidhiwa kampuni iliyoasisiwa na Sibylle Riedmiller, Mjerumani. Nyumba za wageni ni saba tu; mapaa yake hukinga maji ya mvua, vyoo hugeuza kinyesi kuwa mboji, umeme hutoka juani, na baadhi ya waliokuwa wavuvi wamekuwa walinzi. Msituni paa nunga, mnyama adimu mno, amepatiwa maskani. Hata hivyo, kwa kuwa fedha za wageni ndizo zilipazo gharama za ulinzi na za ziara za wanafunzi, hifadhi ya namna hii hutaabika wageni wasipokuja, kama ilivyodhihirika ulimwenguni wakati wa janga la UVIKO-19 mwaka 2020.

Umoja wa Ulaya, watokako wageni wengi wa Zanzibar, ulipitisha mwaka 2024 agizo, la kutumika kuanzia 27 Septemba 2026, linalomkataza mfanyabiashara kujisifu kwa maneno ya jumla kama "rafiki wa mazingira" pasipo ushahidi. Zanzibar nayo yafaa iweke sharti lake, kila hoteli ijinadiyo kwa hifadhi iwajibike kuonyesha hadharani maji yake machafu yanakwenda wapi.