Kinu na Mgeni: Historia ya Madarasa ya Mapishi Thailand

Darasa la siku moja la mapishi, ambalo watalii wengi wanaofika Thailand huliweka katika ratiba yao, ni biashara changa. Lilianza kuuzwa kwa wageni katika miaka ya 1980 na 1990. Zamani upishi wa Kithai ulirithishwa tu. Binti aliupata jikoni kwa mama na bibi yake, na mabinti wa koo kubwa walipelekwa kuishi katika makazi ya wanawake ndani ya kasri la mfalme mjini Bangkok, wakafundwa kupika, kuchonga matunda na kutunga mashada ya maua. Vipimo vilikaa kiganjani na kwenye ulimi.

Mwaka 1908 Plian Phasakorawong, mke wa waziri, alianza kuchapisha Mae Krua Hua Pa, kitabu cha mapishi kilichotaja vipimo badala ya kumwachia mpishi akisie. Mwaka 1934 serikali ilianzisha shule ya maarifa ya nyumbani ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Suan Dusit. Lakini waliolengwa na kitabu kile na shule ile walikuwa Wathai wenyewe.

Wageni walifunguliwa mlango kwanza na hoteli. Katikati ya miaka ya 1980 hoteli ya Oriental, iliyo kando ya mto Chao Phraya, ilianzisha shule yake ya mapishi, lakini ada yake haikuwa ya kila msafiri. Wenye mikoba ya mgongoni walisubiri hadi 1993, Sompon Nabnian na mkewe Elizabeth walipofungua shule yao Chiang Mai. Mji huo wa kaskazini, kiasi cha kilomita 700 kutoka Bangkok, ulifaa sana: wageni walikaa siku kadhaa wakijiandaa kwenda milimani au wakipumzika baada ya kurudi, na siku moja ya kupika haikuwavurugia safari.

Shule nyingine zikafuata, na nyingi zikashika utaratibu mmoja. Asubuhi mwalimu huwapeleka wanafunzi sokoni, akawanusisha mchaichai, majani ya mndimu na uduvi uliosagwa na kuchachushwa. Kisha kila mmoja hupewa jiko lake, hutwanga viungo kwa kinu na mchi, hupika vyakula vinne au vitano, hula alichopika, na huondoka na kijitabu. Mswahili asingehisi ugeni mkubwa jikoni humo. Tui la nazi lipo, ukwaju upo, na hata mbuzi yupo, ila Wathai humwita kratai, yaani sungura, kwa kuwa ubao wa kukunia nazi ulichongwa kwa umbo la mnyama huyo.

Kilichopungua katika madarasa hayo ni chakula cha kaskazini chenyewe. Wenyeji wa Chiang Mai hula wali wa kunata, na mchuzi wao mara nyingi hauna tui. Mgeni alikwishaonja kari ya kijani, tom yum na pad thai katika migahawa ya kwao, akataka hivyo hivyo, shule zikamridhisha. Hivyo mji wa kaskazini ukawa mahali pa kujifunzia chakula cha nyanda za kati. Isitoshe, pad thai nayo si ya kale: tambi hizo za mchele zilienea baada ya serikali ya waziri mkuu Phibun Songkhram kuzipigia debe kama chakula cha taifa, karibu na wakati nchi ilipobadilisha jina kutoka Siam mwaka 1939.

Kilichoikuza biashara hii zaidi kilikuwa msiba. Tarehe 2 Julai 1997 Thailand iliacha kuilinda sarafu yake, na dola moja iliyonunuliwa kwa bahti 25 ikapanda hadi zaidi ya 50 mwanzoni mwa 1998. Msukosuko huo, ambao Wathai wenyewe waliupa jina la tom yum kung, supu yao kali ya kamba, uliifanya nchi kuwa rahisi kwa mgeni na utalii kuwa tegemeo. Mwaka 2002 serikali ikaanzisha mpango wa kueneza migahawa ya Kithai ulimwenguni, na kila mgahawa ulikuwa tangazo la safari. Shule zikaongezeka Bangkok, Phuket na Chiang Mai, nyingine zikahamia mashambani ili mwanafunzi achume mrehani mwenyewe. Khao soi, tambi za kaskazini zenye mchuzi wa tui, nayo ikaingia katika orodha za madarasa mengi.

Desemba 2024 UNESCO iliiandikisha tom yum kung katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kufikia wakati huo, watu wengi ambao hawakuzaliwa Thailand walikwisha kuipika angalau mara moja, wakiwa likizoni, wamefunga aproni ya kuazimwa.