Gluteni ya Ngano na Kipimo cha Protini, 1728–2007

Mwaka 1728, tabibu Jacopo Bartolomeo Beccari aliwaeleza wanataaluma wenzake wa Bologna jaribio ambalo mpishi yeyote angeweza kulifanya. Alikanda unga wa ngano, akauosha tena na tena; wanga ukaenda na maji, likabaki donge la kunata lenye kuvutika. Aliyewahi kusukuma chapati anaijua nguvu hiyo, hata kama hajui jina lake. Lakini kilichomshangaza Beccari ni uozo: donge lilipoachwa lilinuka kama nyama, na lilipokenekwa lilitoa vitu ambavyo wataalamu wa wakati ule walivihesabu kuwa vya wanyama. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1745. Ikumbukwe kwamba nchini China donge hilohilo lilikuwa limekwisha kupikwa badala ya nyama kwa karne nyingi, hususan na watawa wa Kibudha. Kwao lilikuwa kitoweo. Bologna likawa hoja.

Insha hii inadai kuwa badiliko kubwa zaidi katika historia ya gluteni halikutokea jikoni wala kinuni, bali katika hesabu. Mwaka 1883 Johan Kjeldahl, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alibuni njia nyepesi ya kupima naitrojeni. Kwa ngano, naitrojeni huzidishwa kwa 5.7, na jibu huitwa protini. Tangu hapo haikuwa lazima kulishika donge ili kulithamini. Gluteni iliyokaushwa kwa uangalifu, isipoteze mvutiko wake, ikawa bidhaa ya magunia: waokaji huitia katika unga dhaifu, watengenezaji wa vyakula vya mifugo huitumia kushikamanisha mchanganyiko, na bei hufuata asilimia ya protini.

Udhaifu wa hesabu hiyo ulidhihirika Machi 2007, vyakula vya paka na mbwa vilipoanza kuondolewa madukani Marekani baada ya wanyama kufa kwa maradhi ya figo. Katika unga ulionunuliwa kutoka China kwa jina la gluteni ilikutwa melamini, kemikali itumiwayo kutengenezea plastiki. Melamini haina protini hata chembe, lakini asilimia 66.6 ya uzito wake ni naitrojeni. Kwa kanuni ya 5.7, gramu moja husomeka kama gramu 3.8 za protini. Baadaye ilibainika kuwa unga wenyewe haukuwa gluteni, bali unga wa ngano wa kawaida.

Kuliita tukio hili ulaghai wa wafanyabiashara ni sahihi, ila hakutoshi. Mlaghai alijua kipimo kinaona nini na hakioni nini. Bakuli la maji la Beccari lingemuumbua: wanga ungetoka mwingi, na donge lingebaki dogo. Mwaka uliofuata melamini ilikutwa katika maziwa ya unga ya watoto nchini China, yaliyopimwa kwa naitrojeni vilevile. Watoto wapatao 300,000 waliugua, sita walifariki.