Unameza Cipro? Hivi Ndio Vitu Hufai Kuchanganya Nayo

Wasee wengi wakishikwa na UTI huandikiwa ciprofloxacin, ile mtaani tunaita Cipro. Ni antibayotiki moto, lakini ukiichanganya vibaya inaweza kataa kushika ama ikuletee ngori ingine kabisa. Rada ndio hii.

Maziwa, mala na yoghati
Kalsiamu hushikana na Cipro tumboni, dawa inakosa kuingia vizuri kwa damu. Bakteria wanabaki, na wanaweza kuizoea. Meza na maji. Maziwa kidogo ndani ya mlo kamili haina noma.

Dawa za kiungulia na vidonge vya damu
Zile za kiungulia zenye magnesiamu ama aluminiamu, pamoja na vidonge vya madini ya chuma na zinki, hufanya hivyo hivyo. Meza Cipro masaa 2 kabla yazo ama masaa 6 baadaye.

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu
Cipro hufanya ini lichelewe kuondoa kafeini. Kikombe kimoja kinakufanyia kazi ya vingi: moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi unahepa.

Dawa zingine
- Tizanidine ya kulegeza misuli: usichanganye kamwe. Presha inaweza shuka vibaya.
- Theophylline ya pumu: inajaa kwa damu, unaweza pata degedege.
- Warfarin: unaweza vuja damu.
- Glibenclamide ya kisukari: sukari inaweza shuka hadi uzirai.
- Prednisolone: hatari ya kano kukatika inapanda, hasa ile ya nyuma ya kisigino.

Kama uko na ugonjwa mwingine
Ukiwa na myasthenia gravis, Cipro inaweza kulegeza misuli hadi kupumua iwe shida. Mwenye kifafa, kisukari, mapigo ya moyo yasiyo sawa ama mshipa mkubwa wa damu uliovimba, ambia daktari kabla hajaandika chochote. Marekani ililazimisha onyo la kano liwekwe kwa dawa za aina hii mwaka wa 2008, so hii si story ya vijiweni.

Ukisikia kisigino kinauma ghafla, ganzi, moyo kuruka ama kuchanganyikiwa, wacha kumeza na ukimbie hosi.

Na usinunue Cipro juu ilisaidia beshte yako. Ukifika kemisti, taja kila kitu unatumia, hata ile dawa ya kiungulia.