Mtoto kiziwi na elimu jumuishi: Yale yaliyoanzia Machakos

Istilahi ya elimu jumuishi imezoeleka mno katika hotuba za maafisa wa elimu nchini. Maana yake, kwa ufupi, ni kwamba mtoto mwenye ulemavu asome katika shule iliyo karibu na kwao, pamoja na ndugu na majirani zake, na shule ndiyo ijirekebishe ili imfae badala ya yeye kulazimishwa kuifaa shule.

Kwa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, marekebisho hayo huonekana kwa macho: ngazi huondolewa, mlango wa choo hupanuliwa. Kwa asiyeona kuna maandishi ya Breli. Kwa mtoto kiziwi jambo ni zito zaidi, kwani anachokikosa darasani si mlango wala kitabu, bali ni lugha yenyewe. Ndiyo maana historia ya Machakos, mji ulio yapata kilomita 60 kusini-mashariki mwa Nairobi, inastahili kuangaliwa na kila anayelijadili suala hili.

Mji huo una taasisi kadhaa za elimu maalumu. Ipo Shule ya Masaku ya watoto wenye ulemavu wa viungo, ipo Taasisi ya Kiufundi ya Wasioona, na ipo Shule ya Viziwi ya Machakos. Hii ya mwisho ndiyo inayotuhusu zaidi hapa.

Shule za mwanzo za viziwi nchini, zile za Mumias na Nyang'oma, zilianza mwaka wa 1961. Wakati huo walimu walifuata mtindo uliotawala ulimwenguni tangu kongamano la waalimu wa viziwi lililofanyika Milan, Italia, mwaka wa 1880. Kongamano hilo liliamua kwamba kiziwi afundishwe kutamka na kusoma midomo, na kwamba ishara ziachwe. Ni mwaka wa 2010 tu, huko Vancouver, Kanada, ambapo kongamano la jina lilo hilo lilieleza majuto yake kwa uamuzi ule.

Msomaji anayetaka kujua ugumu wa mtindo huo na asimame mbele ya kioo, ayatamke bila sauti maneno haya matatu: baba, papa, mama. Midomo hufunguka na kufungika vilevile. Mtoto aliyezaliwa hasikii, na ambaye hajapata kuyajua maneno hayo kwa njia nyingine yoyote, atayatofautisha vipi? Mchana watoto walikodoa macho kwenye kinywa cha mwalimu. Jioni, bwenini, ndipo walipozungumza wao kwa wao kwa mikono, na aghalabu waliokamatwa wakifanya hivyo darasani waliadhibiwa.

Shule ya Machakos ilipoanzishwa mwaka wa 1986 ilichukua mkondo tofauti. Ilikuwa shule ya majaribio ambamo mwalimu aliruhusiwa, tena alitarajiwa, kutumia ishara anapofundisha. Mageuzi hayo yanahusishwa sana na msomi Mkenya Michael Ndurumo, ambaye mwenyewe ni kiziwi na alisomea Marekani. Katika mwaka huohuo ndipo Taasisi ya Elimu Maalumu nchini (KISE) ilipoanzishwa Nairobi kuwaandaa walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu.

Hata hivyo, ishara zilizotumiwa mwanzoni hazikuwa lugha ya viziwi wa Kenya. Ulikuwa mfumo wa kukitia Kiingereza kwenye mikono, kila neno na ishara yake, kwa mpangilio wa sentensi ya Kiingereza, hata viambishi. Ishara nyingi zilitoka Marekani. Lugha ambayo watoto walikuwa wameijenga wenyewe mabwenini ilikuwa na sarufi yake, inayotumia uso, mwelekeo wa mkono na nafasi iliyo mbele ya mzungumzaji. Hiyo ndiyo tunayoiita leo Lugha ya Ishara ya Kenya. Utafiti rasmi kuihusu ulianza katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1991, ukiongozwa na wanaisimu, miongoni mwao marehemu Profesa Okoth Okombo.

Katiba ya 2010 iliipa lugha hiyo hadhi. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali iikuze, na kifungu cha 120 kinaitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Katika mitihani ya kitaifa, mwanafunzi kiziwi hutahiniwa Lugha ya Ishara badala ya Kiswahili.

Hapa pana jambo ambalo wapangaji wa elimu hulisahau. Kiziwi si mtoto mwenye ulemavu pekee. Ni mtoto wa jamii ya wachache kwa upande wa lugha. Sera ya elimu nchini husema mtoto wa madarasa ya chini afunzwe kwa lugha ya eneo lake. Huko Mwala au Kathiani lugha hiyo ni Kikamba. Lakini lugha ya eneo ya mtoto kiziwi iko wapi, ilhali wazazi wake, ambao mara nyingi wanasikia, hawaijui hata ishara moja zaidi ya zile walizobuni nyumbani za kula, kulala na kuitwa?

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, zaidi ya watoto milioni moja wa ziada waliingia madarasani, wakiwemo wenye ulemavu waliokuwa wamefichwa majumbani. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na nyongeza ya shilingi 2,000 kwa waliokuwa katika shule na vitengo maalumu. Kwa hiyo kiziwi aliyeketi katika darasa la kawaida kijijini, mbele ya mwalimu mwenye wanafunzi sabini na asiyejua ishara, alikuwa amejumuishwa katika rejista tu.

Wapo wanaodhani kwamba sheria inataka shule maalumu zifungwe. Sivyo. Kifungu cha 54 cha Katiba kinataja elimu iliyojumuishwa katika jamii kwa kiasi kinachopatana na maslahi ya mtu mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka wa 2006 na kuidhinishwa na Kenya mwaka wa 2008, unasisitiza katika kifungu cha 24 kwamba viziwi wafunzwe kwa lugha inayowafaa zaidi, katika mazingira yatakayowakuza kimasomo na kijamii. Kiziwi mmoja miongoni mwa mia wanaosikia hana mtu wa kuzungumza naye. Kumi wenye mwalimu anayejua lugha yao, katika shule ileile ya kijiji, wana darasa.

Suala basi ni walimu. Kwa miaka mingi shirika la kujitolea la Marekani, Peace Corps, lilileta wafanyakazi katika shule za viziwi, baadhi yao wakiwa viziwi wenyewe. Walisaidia sana, ingawa walikuja na ishara za kwao na iliwalazimu kwanza kujifunza za huku. Mwaka wa 2014 shirika hilo lilisitisha shughuli zake nchini kwa sababu za usalama, na wote wakaondoka. Waliobaki ni Wakenya. Kwa maoni yangu, kazi yenye kudumu zaidi ilikuwa ile ya Chuo cha Ualimu cha Machakos, kilichojulikana kwa kuwapokea walimu wanagenzi viziwi na wasioona wakasoma pamoja na wenzao. Mwalimu kiziwi huingia darasani akiwa tayari na lugha. Na mwanagenzi anayesikia aliyekaa naye dawati moja huondoka chuoni na ishara kadhaa mikononi.

Niseme pia kidogo kuhusu sisi wa magazeti. Nilipoanza kazi ya kusanifu habari, neno "bubu" lilipita mezani bila mtu kulistukia, likatumiwa kumwelezea mtu ambaye kosa lake lilikuwa tu kwamba mwandishi hakuielewa lugha yake.

Pengo kubwa lililosalia ni la miaka ya kwanza. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 918,270 wenye ulemavu, yaani asilimia 2.2, lakini hesabu hiyo ni ya walio na umri wa miaka mitano na zaidi. Wadogo zaidi hawamo, ilhali huo ndio umri ambao mtoto hujenga lugha. Aidha, chini ya Katiba, elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti, na ile ya msingi ni la serikali kuu, ambayo pia ndiyo yenye walimu wa elimu maalumu na vituo vya tathmini vilivyoanzishwa kuanzia 1984 kwa msaada wa Denmark. Mtoto wa miaka mitatu ambaye surua au homa ya uti wa mgongo imemwacha bila kusikia huangukia katikati ya mamlaka hizo mbili.

Mzazi anayeshuku kwamba mwanawe hasikii hana haja ya kungoja afikishe umri wa darasa la kwanza. Ofisi ya elimu iliyo karibu naye inaweza kumwelekeza katika kituo cha tathmini, ambako masikio hupimwa na ushauri kutolewa kuhusu shule au kitengo kinachomfaa. Na akiisha kujua, aanze yeye mwenyewe kujifunza ishara pamoja na mtoto.