Upande wa Nne wa Uzio

Tarehe 18 Juni 1964, katika mji wa St. Augustine, jimbo la Florida, meneja wa Monson Motor Lodge alichukua asidi ya kusafishia bwawa la kuogelea na kuimimina ndani ya bwawa la hoteli yake huku watu wamo majini. Walikuwa wanaharakati Weusi na Weupe waliojitosa pamoja kupinga ubaguzi. Asidi ile ni ya hidrokloriki. Mtunza bwawa huitumia kwa kipimo kidogo kurekebisha kemia ya maji na kung'oa chokaa iliyoganda ukutani, na ikichanganyika na maji mengi kiasi kile nguvu yake hupungua sana. Lakini picha zilisambaa duniani. Kesho yake Seneti ya Marekani ilipitisha mswada wa Haki za Kiraia, na tarehe 2 Julai Rais Johnson akautia saini.

Naanza na tukio hilo kwa sababu bwawa la nyumbani, kama tunavyolijua leo, lilikua katika miaka hiyohiyo na kutokana na swali lilelile: nani aingie majini, na nani azuiwe?

Zamani kidogo swali lingekuwa la kitaalamu tu. Bila dawa, maji yaliyotuama huchafuka upesi, na njia ya kuyasafisha ilikuwa kuyamwaga na kujaza mengine. Mwaka 1910 mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Brown, John Wymond Miller Bunker, alitumia kemikali ya klorini kuua vijidudu katika bwawa la chuo chake. Klorini, pamoja na pampu na chujio, iliwezesha maji yaleyale kutumika kwa muda mrefu. Baadaye zege la kupuliziwa kwa bomba likapunguza gharama za ujenzi. Kufikia katikati ya karne, familia ya kipato cha kati iliweza kuchimba bwawa nyuma ya nyumba.

Mwanahistoria Jeff Wiltse, katika kitabu chake cha 2007 *Contested Waters*, anaandika kwamba mwaka 1950 ni familia 2,500 tu za Marekani zilizokuwa na bwawa lililochimbwa nyumbani. Kufikia 1999 zilikuwa milioni 4. Uwezo wa kifedha ulichangia, lakini Wiltse anaonyesha sababu nyingine. Mahakama zilipofungua mabwawa ya umma kwa watu wote, Weupe wengi waliyahama. Baadhi ya miji ilichagua kuyafunga au kuyafukia kuliko kuogelea pamoja. Walioweza walijenga ya kwao na kuyazungushia uzio.

Uzio huo ulikuwa na pande tatu. Upande wa nne ulikuwa nyumba yenyewe, yaani mlango wa jikoni au wa sebuleni unaofunguka moja kwa moja kuelekea majini. Kwa mtu anayemwogopa jirani, pande tatu zinatosha. Ila wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Tume ya Usalama wa Bidhaa ya Marekani ilipochunguza ajali za watoto chini ya miaka mitano huko California, Arizona na Florida, ilikuta kwamba 69 kati ya kila watoto 100 hawakutarajiwa kabisa kuwa bwawani wakati ule. Watoto 77 kati ya 100 walikuwa wamepotea machoni pa mlezi kwa dakika tano au chini ya hapo. Wengi walitokea nyumbani, wala si mtaani.

Dakika tano ni muda wa kupokea simu, au kuepua sufuria jikoni. Mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Kumwambia mzazi "mtazame mtoto wako" ni ushauri mzuri, lakini kama ndio ulinzi pekee, ni ulinzi unaodai binadamu asipepese jicho. Ndipo wataalamu wakaanza kudai upande wa nne: uzio unaolizunguka bwawa lote na kulitenga na nyumba, wenye kimo cha angalau mita 1.2, na geti linalojifunga na kujikomea lenyewe.

Kuudai ni jambo moja, kuupata ni lingine. Jimbo la New South Wales nchini Australia lilitunga sheria ya mabwawa mwaka 1992, lakini yaliyojengwa kabla ya Agosti 1990 yaliruhusiwa kutegemea mlango wa nyumba uliodhibitiwa. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 3 Januari 2003, ilimpa mwenye bwawa uhuru wa kuchagua: uzio, king'ora, mfuniko au kibanda cha kulifunika. Asiyetii anaweza kutozwa faini ya hadi euro 45,000.

Marekani ilisubiri msiba. Juni 2002 mtoto wa miaka saba, Virginia Graeme Baker, alinaswa na nguvu ya mfyonzo ya tundu la kutolea maji katika beseni la maji moto, akafa. Babu yake, James Baker, alikuwa waziri wa zamani wa mambo ya nje. Mama yake alipigania mageuzi, na Desemba 2007 ikapatikana sheria yenye jina la binti huyo. Iliagiza mifuniko isiyonasa mwili. Hata hivyo, wajibu mkuu wa kubadilisha mifuniko ya zamani uliwekwa kwa mabwawa ya umma. Kwa mabwawa ya nyumbani, serikali kuu iliahidi ruzuku kwa majimbo yatakayotunga sheria zao.

Waliofungiwa nje nao wanaendelea kulipa. Takwimu za afya za Marekani zinaonyesha kwamba watoto Weusi wa miaka 10 hadi 14 huzama katika mabwawa ya kuogelea kwa kiwango cha mara 7.6 ya wenzao Weupe. Babu asiyeruhusiwa kuogelea hakupata nafasi ya kumfundisha mwanawe, naye mwana akakosa cha kumrithisha mjukuu.

Nasi Afrika Mashariki tunajua kujenga kuta. Nyingi zina vipande vya chupa au nyaya za umeme juu, zote zikimtazama anayetoka nje. Nyumba zenye mabwawa zinaongezeka, na kabla ya kuongeza kimo cha ukuta wa barabarani, mwenye nyumba angekagua kwanza mlango wa jikoni unafungukia wapi, komeo la geti la bwawa linajifunga au limeshikwa na kutu, na maji ni maangavu kiasi cha kuona sakafu.